Kote ni Jenerali

Kijana wa watu, Odero, alipokuja kwetu Mountain View kumposa binti yetu Awiti, mume wangu Omollo alimhoji mpaka jasho likamtoka. Kabla hajamaliza chai alikuwa ameshataja ukoo wa babake, wa mamake na wa nyanya zake wawili. Damu isije ikakutana. Nami nilimuunga mkono, maana kwetu ndivyo tufanyavyo.

Wiki hiyohiyo Omollo akamfungia Malkia, mbwa wetu jike, banda moja na Jenerali. Jenerali ndiye babake Malkia. Tena ni babu yake, kwa kuwa mamake Malkia naye alizaliwa na Jenerali.

"Baba Awiti," nikamwambia, "si huyu ni babake?"

"Mbwa hana ukoo, mama. Mbwa ni breed. Nikiingiza damu ya nje nitaharibu."

Jirani yetu Kisilu alikuwa na dume wake aliyemtoa Kangemi, mbwa koko mwenye kifua kipana na miguu imara. Omollo hakutaka hata akaribie geti letu. Mchagua jembe si mkulima, nikamtania, naye akacheka. Alimpenda Jenerali kupita kiasi. Mbwa huyo aliwahi kumwokoa mikononi mwa wezi, na sasa alikuwa anazeeka. Omollo alitaka Jenerali mwingine, sura ileile na mwendo uleule, basi.

Malkia akazaa. Watoto wote walikufa kabla ya kufungua macho, isipokuwa mmoja, Rembo. Jenerali mwenyewe naye akafa muda mfupi baadaye. Rembo alifanana naye mpaka inatisha, na Omollo alimbeba kifuani kama mtoto wa binadamu. Lakini alivyozidi kukua, miguu ya nyuma ilizidi kuyumba, hatimaye akawa anajiburuta sakafuni.

Tukampeleka kwa daktari wa mifugo kule Westlands, mama mpole aitwaye Kavata. Aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga.

"Ona hapa, mzee. Hii mfupa ya paja haikai kwa hip. Ya huku pia, the same. Na moyo yake iko na shida. Babake ni mgani?"

Omollo alitazama viatu vyake. Nilidhani atadanganya.

"Ni Jenerali," akasema. "Babu ni Jenerali. Hata ukienda nyuma zaidi, daktari, kote ni Jenerali."

Kavata hakumgombeza, na nadhani hilo lilimuuma zaidi.

"Operation haitamsaidia. Anaumia hata akilala. Mimi ningesema tumpumzishe."

"Nilitaka tu arudi vile alikuwa," Omollo akasema.

Kwa kuisikia sauti yake, Rembo akainua kichwa pale mezani. Akakaza miguu ya mbele ili asimame ampokee, akashindwa, akalia. Akajaribu tena. Daktari alipochukua sindano, Omollo alifungua mdomo amuage. Kisha akaufunga. Alimwekea mkono kichwani, akanyamaza kimya mpaka mwisho, ili Rembo asijaribu tena kusimama ampokee.