Kibodi ya Bupe

Lusungu hakuwahi kuwa mwanaume wa kumchunga mkewe. Miaka yote Bupe alikwenda kwaya na kurudi, naye hakumuuliza alikaa na nani. Wivu ulimwingia uzeeni, wameshastaafu wote wawili, wametulia kwao Ukonga, tena ulimwingia kwa sababu ya kibodi.

Bupe alitunga nyimbo za kwaya, na aliziandika kwenye kompyuta yake kuukuu ya nyumbani, ile ya kuchomeka kwenye televisheni, ambayo mashine yote imo ndani ya kibodi. Aliinunua enzi za ukarani wake na hakutaka nyingine. Mtoto wao Edgar alipomletea laptopu, alimshukuru sana, kisha akaifunika kitambaa. Lakini vitufe vya ile ya zamani sasa vilikuwa vimekakamaa, vingine havishuki mpaka uvigonge kama mlango.

Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, Marselino aliwafuata. Alikuwa mwalimu wa kwaya, mgane, shati lake limenyooshwa vizuri kuliko la wenye wake.

"Bupe, nimeongea na fundi wa Buguruni," alisema. "Anaweza kukuunganishia kibodi ya nje. Ukachague iliyo laini, vidole vyako vipumzike."

Lusungu alicheka kwa adabu. Njiani alihesabu makosa mpaka walipokaribia nyumbani. Kwanza, huyu bwana alimwita mkewe Bupe, kavu kavu, wakati yeye mwenyewe alikuwa akimwita Mama Edgar tangu mtoto azaliwe. Pili, hivyo vidole.

"Vidole vyako vina nini?"

"Vinauma."

"Tangu lini?"

"Muda sasa."

"Mbona Marselino anajua, mie sijui?"

"Aliniuliza, Baba Edgar."

Lusungu alisukuma mlango, akatangulia ndani.

Siku ya kwenda Buguruni, Lusungu alivaa viatu vya kutokea na kutangaza kwamba na yeye anakwenda pamoja na mkewe na Marselino. Fundi, kijana wa heshima aitwaye Talha, aliwaamkia shikamoo, akapanga kibodi mezani. Lusungu aliwahi. Alichagua kubwa kuliko zote, inayowaka taa za rangi chini ya vitufe.

"Hii ndiyo kibodi," alisema. "Chukua hii, mama."

Bupe aliandika mstari mmoja wa wimbo, akakunja uso. "Nzuri. Ila vitufe virefu, mkono unachoka."

Marselino alizisogelea zilizobaki. Alizipapasa moja moja, akamsogezea nyeusi isiyo na mvuto wowote, herufi zake zimeanza kufutika. Bupe aliandika mstari uleule. Halafu wa pili. Halafu akaendelea, amesahau kama kuna watu, akiimba kwa sauti ya chini.

"Hiihii," alisema.

Lusungu alitoka nje, akasimama juani kama mtu anayesubiri gari. Afadhali Marselino angemshika mkewe mkono, maana hilo lina jina na mtu unaweza kuligombania. Kwa kujua tu mkeo anaumwa wapi, huwezi kumshtaki mtu.

Talha aliunganisha kibodi kwenye mashine, na kwa siku kadhaa mlio wa vitufe ulijaa sebuleni. Lusungu alinuna. Alikaa kwenye kochi akijidai anasoma gazeti, lakini macho yalikuwa kwa mkewe, akitafuta kosa la ile kibodi. Ndipo akaona. Kila baada ya muda Bupe aliacha kuandika, akasugua bega. Mabega yake yalikuwa yamepanda mpaka karibu na masikio, kama ya mtu anayeosha vyombo kwenye karo la juu mno.

Meza ile ya kompyuta Lusungu aliichonga mwenyewe, kwa kimo chake yeye.

"Simama kidogo," alimwambia.

"Unataka nini tena?"

"Simama, mama. Toa vitu vyako."

Aliitoa meza uani, akaleta msumeno. Alimketisha Bupe kwenye kiti chake, akamwambia akunje mikono kama anaandika, akapima kwa kamba kutoka kiwiko hadi chini. Akakata miguu yote minne, jasho linamtoka, na mmoja ikabidi aurudie kwa sababu meza ilicheza.

Bupe alipokaa tena kuandika, mabega yalishuka. Alipumua. Baadaye alisema, bila kugeuka, "Kumbe ilikuwa meza."

"Na kibodi," alisema Lusungu. Ilimuuma kusema, lakini ilikuwa kweli.

Wiki ile Marselino alikuja kusikia wimbo mpya. Alikuwa na miguu mirefu, na alipojaribu kukaa mezani magoti yaligonga ubao, daftari la nota likaanguka. Ikabidi akae kwenye kigoda kule mlangoni, asikilize akiwa mbali. Lusungu alimletea chai mwenyewe, akamkaribisha mara mbili, akarudi kuketi karibu na mkewe.

Wivu haukumwisha. Siku za mazoezi bado alichungulia dirishani mapema kuliko ilivyohitajika. Ila sasa, Bupe akirudi, kabla hajavua viatu, humuuliza: "Mikono vipi leo?"