Matuta ya Thorsby

Asubuhi ile ya Januari, Profesa Hester Widdowson alisimama kwenye lango la malisho, hotuba ya kustaafu ikiwa mfukoni mwa koti, akaduwaa; mimi, mwenzake wa chuoni, nilikuwa nyuma yake.

Malisho yale aliyajua. Kitabu chake, kilichompa cheo na heshima kwa miaka thelathini, kilisema kijiji cha Thorsby, kilichokuwa hapo karne nyingi zilizopita, kilikufa chote kwa tauni, kwa kuwa majina ya wakulima wake yalikatika ghafla katika daftari za bwana wa ardhi. Jioni ile chuo kizima kingekuja kumsikia akikieleza kwa mara ya mwisho.

Sisi wanahistoria wa uchumi huenda mashambani Julai, chuo kikifungwa, nyasi zikiwa magotini na jua utosini, umbo la ardhi likifichika. Lakini Enid Garley, mwenye kondoo wa malisho yale, alikuwa amempigia Hester simu: "Njoo wakati wa baridi, mama, jua likichomoza. Njoo kabla hujanywa hiyo chai yako."

Sasa jua lilikuwa chini kabisa, na vivuli vilichora kila kitu juu ya umande ulioganda: misingi ya nyumba, uchochoro, na matuta ya jembe la maksai yaliyopita juu ya sakafu za nyumba hizo.

"Maiti hailimi, Profesa," Enid akasema.

Nilijaribu kumwokoa mwenzangu. "Labda ni wageni waliokuja baadaye."

Hester alifuata tuta moja hadi ukingoni mwa kijiji. Pale likapinda, likazunguka mwinuko mrefu wa udongo, kisha likanyooka tena. La pili vilevile. La tatu vilevile.

"Walilima juu ya nyumba zao," akasema taratibu, "lakini hapa wakakwepa. Mgeni angejuaje kuna nini hapa?"

"Makaburi," nikasema.

"Ya watoto wao, Alan. Ya mama zao. Walibaki hai; ni daftari tu zilizowaacha."

Akavua glavu, akapiga magoti kwenye barafu, akaweka kiganja penye ule mpindo. Enid, asiyeishiwa utani, alivua kofia.

"Kitabu je?" nikauliza. Aliyeogopa ni mimi.

"Kitabu ni changu. Hawa si wangu."

Jioni alipanda jukwaani na matope magotini. Hotuba ilibaki kwenye koti, na koti mlangoni.

"Jamani," akaanza, "niliwazika watu wa Thorsby wakiwa hai. Nimekuja kuwafukua."