Nyumba ya Kulala Mchana

Mume wangu ni mwokaji wa mikate. Watu wakisikia hivyo hufikiria mikate ya moto kila asubuhi, na mikate kweli tunakula, lakini hakuna anayefikiria usingizi. Mwokaji huingia kazini wenzake wakizima taa, na hurudi nyumbani wenzake wakifunga kamba za viatu. Kulala kwake ni mchana, dunia ikiwa macho na kelele zake zote. Na sisi tulikuwa tumepanga vyumba viwili, ukuta mmoja na mashine ya kusaga nafaka.

Nimweleze vipi mtu ambaye hajaishi na mashine ile? Ikiwashwa, vijiko vinatembea mezani. Mume wangu alikuwa akilala kwa kuiba, nusu saa hapa, robo saa pale, mto ukiwa juu ya kichwa badala ya chini yake. Binti yetu, tunayemwita Bosi kwa sababu tangu azaliwe anatoa amri tu, alilala vizuri kuliko baba yake; yeye mashine ilimbembeleza. Halafu siku moja mume wangu akasinzia wima mbele ya mashine ya kukandia unga, na ile mikono ya chuma ikanasa shati lake. Mwenzake aliwahi kuizima. Shati liliraruka hadi begani, mkono ukabaki. Msimamizi akamwambia kwamba mara ya pili atamwondoa kazini kabla mashine haijamwondolea kiungo.

Nikasema basi. Tunanunua nyumba, na kitu tunachonunua hasa ni usingizi. Mengine mapambo.

Kabla sijafika mbali nimtaje wifi yangu, maana katika ukoo ule hakuna jambo lililowahi kuamuliwa bila yeye. Ni dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyemlea, na moyoni mwangu namwita Honi. Akikusalimu, mtaa wa pili wanaitikia. Wifi alikwisha kutuchagulia nyumba karibu na yake, nje kabisa ya mji, kwenye majumba mapya yenye mageti makubwa. Kimya kipo huko, sikatai. Lakini kutoka huko hadi bekari ni mabasi mawili na foleni yake, na mume wangu angefika kitandani jua likiwa la utosi. Nilimwambia amweleze dada yake. Akaniambia, "Nitamwambia." Mume wangu mbele ya dada yake anakuwa mtoto wa darasa la pili, kwa hiyo nilijua kwamba hatamwambia.

Mimi nilikuwa nimeona nyumba nyingine, nyuma tu ya bekari. Vyumba vitatu, ua wenye bomba lake, zahanati kwenye kona, shule ya msingi ambayo Bosi akikua angeifikia bila kuvuka barabara kubwa. Dalali alitupeleka Jumapili.

"Dada, sikiliza," aliniambia, akatega sikio kwa kiganja. "Unasikia nini?"

Sikusikia kitu.

"Ndiyo mtaa wenyewe huo! Hapa hata jani likidondoka linaomba samahani."

Mume wangu alisimama katikati ya chumba cha nyuma, akafumba macho, na nikaona mabega yake yakishuka taratibu. Nyumba niliipenda kwa sababu ya mabega yale.

Ila mimi nashona mapazia. Kazi yangu ni kusimama madirishani mwa watu na utepe wa kupimia, na nimejifunza kutazama nje kabla ya kusifu ndani. Nilipopima dirisha la mbele nikaona ng'ambo ya njia banda lililofungwa kwa komeo, na ardhi ya mbele yake inameta vipande vya bati.

"Pale pana nini?"

Dalali akapatwa na kikohozi. "Ah, pale? Stoo tu."

Stoo gani inatapika bati mlangoni? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na bwana yule alikuwa akiitembeza ile nyumba mpaka viatu vimeisha soli.

Jumanne nikamwacha Bosi kwa jirani, nikarudi peke yangu. Kabla sijakata kona nikasikia. Ko! Ko! Ko! Banda lilikuwa wazi, na ndani yake mwanamke wa makamo, mnene wa mikono, amekaa juu ya kigoda akigonga bati juu ya kipande cha reli. Masanduku, makarai, mabomba ya moshi, vyote vimepangwa hadi njiani. Kinyozi wa mlango wa pili, ili wateja wasikie muziki wake, alikuwa amefungulia redio hadi mwisho. Nyundo ikipanda, redio inapanda. Redio ikipanda, nyundo haijali. Nilisimama njiani nikalia, tena kwa hasira, kama mtoto aliyeonyeshwa pipi ikarudishwa mfukoni.

Nilimpigia simu dalali. Maneno niliyomwambia nayahifadhi. Yeye akanijibu kwa upole wote wa duniani, "Lakini dada, kwani shemeji halali usiku kama watu?"

Ningeweza kwenda zangu nyumbani. Lakini nilikwisha kuwaka, na mtu aliyewaka lazima apate wa kumgombeza, kwa hiyo miguu ikanipeleka moja kwa moja hadi bandani. Yule mama aliponiona akashusha nyundo, akajifuta jasho.

"Karibu, mwanangu. Sanduku au karai?"

Ugomvi wote ukanitoka. Unaanzaje kumfokea mtu aliyekuita mwanangu?

"Shikamoo, mama. Sitaki sanduku. Nataka kununua nyumba ile."

"Marahaba. Nunua, nzuri ile. Haivuji. Paa lake nililiziba mwenyewe."

"Mume wangu anaoka mikate usiku, mama. Analala mchana."

Akaitazama nyundo, kisha akanitazama mimi. Nikangoja aniambie kwamba kazi ni kazi.

"Analala saa ngapi mpaka saa ngapi?"

"Tangu saa mbili asubuhi hivi. Akifikisha saa nane bila kuamshwa, huyo ni mfalme."

Akafikiri, huku akikwaruza bati kwa ukucha. "Unajua, bati kwanza unalipima, unalichora, unalikata, unalikunja. Kugonga ni mwisho. Mimi kila siku nagonga asubuhi viporo vya jana, kwa sababu baba yangu aligonga asubuhi. Yeye kwa nini aligonga asubuhi, hakuniambia, na mimi sikumuuliza. Naweza nikakata na kukunja mpaka saa nane, halafu nikagonga mpaka jioni. Bati halina saa."

"Kweli, mama?"

"Mwanangu, mimi hapa nimetukanwa. Nimemwagiwa maji. Kuna mmoja alinishtaki mpaka ofisi ya mtaa. Mtu wa kuja kuniomba? Wewe ndiye wa kwanza." Akageuka, akaita kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na nyundo, "Kinyozi! Zima hilo lidude uje hapa!"

Kinyozi akaja na mashine ya kunyolea mkononi, mteja wake nyuma akiwa na nusu kichwa. Akaelezwa. Akasema, "Nyundo ikinyamaza, redio mimi naipandishia nani? Hata mimi masikio ni yangu, mama."

Nilimsimulia mume wangu. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema, "Maneno matamu yanamtoa nyoka pangoni, mke wangu. Lakini nyundo ni nyundo."

"Basi tukajaribu," nikasema. "Ukalale kule siku moja."

Dalali aligoma. "Nyumba hailaliwi kabla ya kununuliwa, dada."

"Mimi hata nyanya siinunui bila kuibonyeza. Halafu tuzungumzie na ile stoo."

Ufunguo ukatoka mfukoni bila neno la pili.

Tatizo ni kwamba mume wangu, kwa ile tabia yake ya kumweleza dada yake kila kitu isipokuwa hapana, alimweleza na hili. Wifi akapiga simu, nami nilimsikia nikiwa jikoni ingawa simu ilikuwa sikioni mwa mume wangu. "Nakuja kujionea! Nikisikia mlio mmoja tu, mnahamia huku kwangu, na hayo ndiyo ya mwisho!"

Alhamisi asubuhi mume wangu alitoka bekari moja kwa moja, unga bado kwenye nyusi. Nilikuwa nimetandika godoro sakafuni na kutundika pazia zito jeusi nililolishona usiku wa kuamkia siku hiyo. Akalala. Nikarudisha mlango, nikaketi kizingitini na Bosi mapajani, roho mkononi.

Ng'ambo, yule mama alikuwa akikata bati kwa mkasi wake mkubwa, polepole, kama anakata kitambaa. Redio ya kinyozi ilikuwa inanong'ona. Muuza mboga akakata kona, akafungua kinywa, na kabla hajatoa neno kinyozi alikwisha kumfikia mbio akipunga taulo. Mboga zilipita kimyakimya siku ile, na ziliuzwa.

Kisha akaja Honi.

Nilimsikia kabla ya kumwona, anazungumza na simu. "Ndiyo nimefika! Huku huku kwenye vurugu zao! Hata sijui nyumba yenyewe ni ipi!" Nikafumba macho. Nikajua imekwisha, na itakwisha kwa sauti ya mtu wa nyumbani.

Yule mama akainuka. Akasimama katikati ya njia na mkasi wake mkononi, akaweka kidole midomoni.

"Mama, taratibu. Kuna mtu amelala."

"Mtu gani?" wifi akauliza.

"Mwokaji wetu."

Wetu. Hatukuwa tumeweka saini hata moja, na mwenye nyundo anamwita mume wangu wetu.

Wifi alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe, hakikutoka kitu. Akaja akaketi pembeni yangu. Akajaribu kunong'ona, akatoa mlio wa tairi linalopungua upepo. Bosi akaanza kununa, na wifi akambeba upesi, akatembea naye hadi mwisho wa mtaa na kurudi, akimpigapiga mgongoni. Baadaye akachungulia ndani. Alikaa pale mlangoni muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa yamelowa.

"Wifi," akanong'ona, safari hii vizuri. "Nilidhani mdogo wangu amezeeka tu. Kumbe ni usingizi."

Saa nane ikafika. Yule mama akashika nyundo, akautazama mlango, akaiweka chini. Saa tisa ikapita. Mteja mmoja aliulizia karai lake, akaambiwa akae kwenye benchi angoje.

Mlango ukafunguka. Mume wangu akatoka, mistari ya mto imejichora shavuni, akakuta dada yake, kinyozi, muuza mboga aliyekwisha kurudi, mteja wa karai na mimi, sote tumekaa kimya tunamtazama.

"Jamani," akasema, "kuna msiba?"

Tuliangua kicheko. Yule mama akainua nyundo. "Umeamka, mwanangu? Nigonge?"

"Ngoja kidogo, mama." Akamgeukia dada yake, akasimama wima, na mtoto wa darasa la pili sikumwona popote. "Dada, mimi sihamii kule kwako. Nanunua hapa."

"Na nani kakwambia uhamie kule?" wifi akafoka kwa sauti yake yote, ile ya siku zote, mpaka kuku wakatawanyika. "Umelala kutwa nzima unangoja nini? Mwite dalali, mjinga wewe!"

Mume wangu akamwangalia yule mama akicheka. "Haya, mama. Gonga."

Akagonga.