Kilo Moja na Nusu za Philomena

Tang! Mzani wa bafuni ulilia, na nje bado giza. Ukanyamaza kidogo, kisha, tang! tena. Nikajua dada yangu Philomena amepanda, ameshuka, na amepanda kwa mguu mwingine, akidhani labda mzani utamhurumia.

"Mena," niliita kutoka kitandani, "toka hapo, vigae vya baridi hivyo."

"Nimelala," akajibu kutoka bafuni.

Nilivaa sweta nikaenda. Nikamkuta amesimama juu ya mzani na gauni lake la kulalia, mkono mmoja umeshika mkongojo, na kila mfuko wa koti lake la nyumbani umebeba kopo kubwa la maharage.

"Arobaini na tano!" alisema, uso unang'aa. "Angalia mwenyewe."

"Toa maharage."

"Wewe mtoto una roho ngumu."

Mimi ndiye mtoto, nina miaka sabini na mbili. Yeye ana sabini na tano. Alitoa makopo, na mshale ukarudi taratibu hadi arobaini na tatu na nusu, ukatulia hapo kama paka aliyekataa kuhama.

Daktari wa nyonga alikuwa amesema wazi. Tarehe kumi na nne Machi atampasua Mena na kumwekea nyonga mpya, lakini hampasui mtu aliye chini ya kilo arobaini na tano. Asipofikisha, zamu yake inakwenda kwa mwingine, na foleni haitamrudia mpaka majira ya baridi yajayo. Na kufikia wakati huo, alisema daktari akitazama viatu vyake, kwa sababu alikuwa mtu mwema na hakupenda kulisema, Mena atakuwa hatembei tena.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

Tangu mumewe Ambrose afariki msimu wa majani kuanguka, Mena alikuwa anaishi kwangu na anaishi kwa chai. Kila nilichopika alikisifu. "Tamu sana, Mercedes," angesema, halafu ningekikuta chini ya kitambaa cha meza. Nimelea watoto wanne na wajukuu saba, na hakuna hata mmoja aliyeshinda na njaa mbele yangu. Lakini dada yangu alinishinda. Nikajiambia, pengine tatizo ni mkono wangu. Mji wetu huu wa Edmonton una chakula cha kila taifa duniani. Nitamzungusha mji mzima, tutaingia kila kibanda na kila mkahawa, mpaka tupate kitu kimoja atakachokila mpaka mwisho.

"Unataka nini?" nilimuuliza asubuhi ile ile. "Sema chochote."

Alifikiri sana. "Chipsi za nyumbani."

Nyumbani ni Newfoundland, kisiwa tulichozaliwa, huko mwisho kabisa mashariki mwa Kanada. Huku magharibi tumekaa miaka arobaini na sita, lakini nyumbani ni kule. Na chipsi za kule zinamwagiwa mkate uliovurugwa na vitunguu na viungo vikavu, kisha juu mchuzi mzito wa nyama. Basi tukaenda mkahawa wa kwanza, nikamweleza msichana aliyetuhudumia. Alisikiliza kwa heshima, akaingia jikoni, akatoka.

"Samahani sana, mama. Mpishi anauliza, mkate juu ya viazi? Makusudi?"

"Makusudi, mpenzi wangu," alisema Mena.

Akarudi tena jikoni. Baada ya dakika kumi ikaja sahani ya chipsi, na juu yake, kama kofia, vipande viwili vya mkate wa kukaangwa, vimepangwa vizuri kabisa na jani la kotimiri katikati. Mpishi mwenyewe alichungulia dirishani aone kama tumefurahi. Mena akamnyooshea dole gumba. Kisha tukainamisha vichwa, mabega yanatikisika, tusionane usoni tusije tukamuaibisha kijana wa watu. Mena alikula chipsi tatu kwa adabu. Zilizobaki nilikula mimi, na mkate nao, kwa sababu mpishi alikuwa bado anaangalia.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kesho yake tulikwenda kwa mama mmoja wa Kiukreni anayepika pirogi, zile zilizojazwa viazi na jibini. Mena alikula nusu ya moja. Mimi nikala kumi na moja na nusu. Siku iliyofuata tulikwenda kwa Mlebanoni anayekata nyama kwenye mshikaki mkubwa unaozunguka, akaikunja kwenye mkate na mchuzi mtamu wa maziwa na kitunguu saumu. Mchuzi ulimtiririka Mena mpaka kwenye kiwiko.

"Hiki si chakula, Mercedes, hiki ni kuoga," alisema, akaniachia.

Tukaenda kwa Wachina kula chapati za majani ya vitunguu, zina moto, zinakatika kwa kishindo mdomoni. Mena alisema ni nzuri sana na akaiweka ya kwake kwenye sahani yangu nilipogeuka kuchukua chumvi. Kila mahali watu walitutendea wema. Mmoja alimfungulia mlango, mwingine alimpulizia supu ipoe kama mtoto. Na kila mahali tulikaa meza ya watu wawili, safi, na mshumaa mdogo wa plastiki katikati, na dada yangu akawa anatazama kiti kitupu cha meza ya pili mpaka chakula kikapoa.

Siku ya sita nilipanda mzani mimi mwenyewe, nijaribu tu kama umeharibika. Haukuwa umeharibika. Nilikuwa nimeongeza kilo mbili na robo.

Mena alicheka mpaka akakaa ukingoni mwa beseni la kuogea. "Mpelekeni Mercedes akapasuliwe! Yeye amefuzu!"

"Nyamaza wewe."

"Mwambie daktari nyonga ni ya ukoo!"

Nilicheka pia, lakini usingizi haukuja vizuri. Yeye alikuwa pale pale, arobaini na tatu na nusu.

Siku ya saba baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nilikuwa nimesikia habari za mkahawa mmoja kaskazini mwa mji, unauza nyama ya kusaga ndani ya mkate na mchuzi mzito, nikasema hii ndiyo ya mwisho, baada ya hapa nitamlisha kwa mpira wa puani. Barabara ya mbele ilikuwa imejaa theluji iliyosukumwa kando, hapakuwa na pa kuegesha gari. Nikazunguka uchochoro wa nyuma. Kutoka pale hadi mlango wa mbele ilikuwa barafu tupu ya kuzunguka kona mbili.

"Ngoja hapa nikuombee mtu aje akushike," nilisema.

Nilipozima gari na kugeuka, hayupo. Alikuwa ameshafika mlango wa nyuma wa mkahawa, mlango wa chuma uliokuwa unatoa mvuke pembeni. Akausukuma, akaingia.

Naomba msimlaumu. Kwetu kisiwani hakuna hodi. Watu huingia kwa mlango wa jikoni, wanavua viatu, wanakaa, ndipo wanasema habari. Mlango wa mbele ni wa padri, polisi, na jeneza. Ukipiga hodi kwetu, watu wote ndani wanashika vifua. Mena aliona mlango wa jikoni, akafanya kama alivyofundishwa na mama yetu.

Nilipoingia nimekimbia, viatu vinateleza, nilimkuta amesimama na soksi katikati ya jiko la watu, buti zake amezipanga vizuri ukutani. Watu wanne walikuwa wamekaa kwenye ndoo zilizogeuzwa, kuzunguka meza ya chuma, bakuli mikononi. Wafilipino wote. Kulikuwa na mama mnene mwenye wavu wa nywele, ambaye baadaye tulimjua kama Leonora, mpishi mkuu, na mumewe Rodel, na wasichana wawili wahudumu. Ilikuwa saa nne na nusu, kabla mkahawa haujafunguliwa.

"Bibi, mnamtafuta nani?" aliuliza Rodel.

"Tunatafuta kula," alisema Mena.

"Mlango wa wateja uko mbele."

"Mbele kuna barafu, mwanangu."

"Samahani, samahani sana," nilisema mimi, namvuta Mena mkono. "Tunatoka sasa hivi. Mena, vaa buti."

Lakini Leonora alikuwa ameshasimama. "Mmeshakula?" aliuliza. Alituuliza kama mtu anayeona aibu kukutwa anakula peke yake. Kisha akamwambia mumewe, "Rodel, toka kwenye ndoo."

"Na mimi nikae wapi?"

"Wewe una miguu mizima. Simama."

Akakunja taulo mara mbili, akaliweka juu ya ndoo upande wa kushoto, upande wa nyonga mbovu. Hakuna aliyemwambia ni upande gani. Alikuwa ametazama tu mwendo wa dada yangu hatua tatu.

Mena alikaa. Akachungulia sufuria. Akashika mkono wangu kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza.

"Mercedes! Kina macho!"

Ilikuwa supu ya vichwa vya samaki. Vichwa vya samoni, vikubwa, kwenye mchuzi mchachu wa ukwaju na mboga za majani.

Rodel alishtuka, akakimbilia kufunika. "Hii si ya wateja, bibi. Hii ni ya kwetu. Wateja wakiona kichwa wanapiga kelele."

"Nani amepiga kelele? Funua."

"Bibi anajua kula kichwa?"

"Mwanangu," alisema Mena, "mimi nimeota meno kwa kichwa cha samaki. Lete bakuli."

Akaletewa. Na mimi nikasimama pale na koti langu, nikamwangalia dada yangu akila. Alianza na shavu, akalitoa zima kwa kidole. Akafuata nyama ya nyuma ya shingo. Akanyonya mifupa mmoja mmoja, akiipanga ukingoni mwa bakuli. Mchuzi mchachu ulimfanya afumbe jicho moja, akasema "Aaa!", akanywa tena. Leonora alimwongezea wali bila kumuuliza, kidogo kidogo, kila alipogeuka kuzungumza, na nikaona kumbe ule ujanja wa kuweka chakula kwenye sahani ya mwenzako kuna watu wanaujua kinyumenyume.

Ugomvi ulikuja kwenye jicho.

"Jicho ni langu," alisema Rodel. "Kila siku ni langu. Waulize."

"Mgeni je?" aliuliza Mena.

"Mgeni amekuja bila kualikwa!"

"Basi tugawane. Yako mawili, yangu mawili, sufuria ina vichwa viwili."

"Bibi anajua na hesabu," alisema mmoja wa wasichana, na jiko zima likaangua kicheko, hata Rodel, hata mimi, machozi yakinitoka.

"Mume wangu alikuwa ananiachia vichwa," Mena aliwaambia, akiwa ameshika mfupa. "Miaka hamsini na moja. Nilidhani havipendi. Siku moja nilimkuta kwa kaka yake anakula kimoja, anafuta bakuli kwa mkate."

Leonora alichota tu tena, bakuli la tatu, na Rodel akageuka kuosha kisu ambacho kilikuwa safi.

Tulirudi kesho yake, na kesho yake. Leonora alikataa katakata tulipe, kwa hiyo Mena alikaa kwenye ndoo yake akamenya viazi vya mkahawa, na hakuwahi kumenya kimya. Aliwafundisha kutengeneza ule mkate wetu wa juu ya chipsi. Rodel alionja, akasema ni chakula cha mtu aliyemaliza kabati. Akamaliza sahani. Jumamosi kulikuwa na miguu ya kuku, Jumatatu utumbo. Mena alikula vyote. Mimi nilianza kukataa, sketi yangu ilikuwa imeshafungwa kwa pini.

Nikauficha mzani. Sikutaka aamke usiku kuuomba.

Tarehe kumi na mbili tukaenda kliniki. Muuguzi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya pole, alimpandisha Mena kwenye mzani wao. Mena alipopiga hatua, kitu kikagongana. Klin-klin.

"Mama Philomena," alisema muuguzi, "tuvue soksi kidogo."

"Nina baridi."

"Dakika moja tu."

Soksi zikavuliwa. Zikatoka chubwi nne za risasi, zile za mshipi wa kuvulia, za marehemu Ambrose. Zikabingirika mpaka chini ya kiti cha daktari. Nilitaka ardhi inimeze. Muuguzi aliinama, akaziokota zote nne, akaziweka mkononi mwa dada yangu na kumfunga vidole, kama mtu anayerudisha vito.

"Haya. Sasa tuone wewe mwenyewe."

Mena alipanda. Hakupumua. Na mimi sikupumua, ingawa mimi sikuwa kwenye mzani.

"Arobaini na tano," alisema muuguzi, "na gramu mia tatu."

"Bila chubwi?" aliuliza Mena.

"Bila chubwi."

"Bila soksi?"

"Bila soksi, mama."

Mena alinigeukia, akanitandika mkongojo miguuni kwa furaha, kisha akamkumbatia muuguzi, kisha akamkumbatia mtu mmoja mgonjwa aliyekuwa anapita zake.

Alipasuliwa tarehe kumi na nne kama ilivyopangwa. Siku ya tatu, akiwa ameshatembea kutoka kitanda hadi dirisha na kurudi, mlango wa wodi uligongwa taratibu. Mena akashika kifua. Walikuwa Leonora na Rodel, na chupa ya chai iliyojaa supu, na hofu ya kama wanaruhusiwa. Walikaa saa nzima. Rodel alimlisha kijiko cha kwanza, akaambiwa anachelewa, akanyang'anywa kijiko.

Walipoanza kuvaa makoti, Mena alimshika Leonora kwenye mkono wa koti.

"Kesho mtapita?"

"Kesho tuna zamu mbili, bibi."

"Keshokutwa?"

Leonora akamtazama mumewe.

"Basi Jumapili ya wiki ijayo," alisema dada yangu. "Nitakuwa nimerudi nyumbani kwa Mercedes. Njooni Jumapili, nyote wanne, na mje na njaa."