Rola Tano za Mama Mkwe

Miaka tisa Wilfred alikuwa mkwe wa Mama Scholastika, na kwa miaka hiyo yote mama huyo hakuwahi kumpa hata bawaba ya dirisha aichomelee. Si kwamba alikuwa mbali. Karakana ya Wilfred iko Bigwa, pale barabara inapoanza kuutafuta mlima, na mama mkwe anakaa nyumba ya saba kutoka hapo. Kitanda chake kilipovunjika mguu, kilipitishwa mbele ya karakana juu ya mkokoteni, kikaenda kwa fundi wa mjini, kikarudi siku ya tatu kwa njia ile ile. Wilfred alikisindikiza kwa macho, akashusha miwani yake ya kuchomelea, akaendelea na kazi za watu.

Mkewe, Upendo, alimweleza mara nyingi kwamba ile ni adabu tu. Katika ukoo wao mkwe wa kiume hatumwi, wala hasemeshwi ana kwa ana. Mkikutana njiani mmoja hupisha, shikamoo hutolewa kwa mbali na marahaba hurudi kwa mbali. Mila Wilfred aliijua, naye ni Mluguru. Lakini moyoni aliamini jambo jingine: kwamba mjane yule, aliyelea watoto sita kwa mboga za mlimani, aliitazama kazi yake akaiona ya kubahatisha. Hilo lilimuuma.

Ndipo ikaja boti. Mama Scholastika alikuwa na shamba la mpunga kule Dakawa, na masika ya mwaka huu yalifunika kabisa njia ya kuliendea. Wenzake walikaa kusubiri maji yapungue. Yeye akatafuta boti ndogo ya faiba, ya mtumba, pamoja na trela lake la kuvutwa na gari, akaileta Bigwa kwa watu ambao boti walikuwa wakiziona kwenye kalenda tu. Siku mbili nzima majirani walikuja kuitazama kama wanavyokuja kumtazama bibi harusi, na wapo waliouliza inakula nini.

Ubovu ulikuwa kwenye trela. Katikati yake kulikuwa na rola tano zilizopangwa mstari mmoja, na juu ya rola hizo ndipo hulala mkuku, yaani uti wa mgongo wa boti. Rola zikizunguka, boti huteleza ikaingia majini na kupanda tena bila kukwaruzwa. Za trela lile zilikuwa zimepasuka, pini zimeshikwa na kutu, na breketi, yale masikio ya chuma yanayozibeba, yamelika mpaka unaona upande wa pili. Fundi wa mjini alikuwa amekwenda msibani Ifakara. Jumamosi wanawake wa kupandikiza wangekuwa ukingoni kule Dakawa wakisubiri kuvushwa, na miche ikizidi umri haina maana tena. Kwa hiyo Upendo alitumwa karakanani kumuuliza mumewe, Baba Kristina, kama ana nafasi.

Baba Kristina alikuwa na nafasi. Aliliacha geti la mteja nusu yake, akanawa mikono mara mbili.

Jumatano walikutana dukani kwa Afroz, mjini. Afroz alirithi duka la vipuri kutoka kwa baba yake, mzee Badrudin, na pamoja na duka alirithi makasha ambayo hata yeye hajui yote yana nini. Mama Scholastika alisimama upande wa misumari, Wilfred upande wa rangi, na Afroz katikati akageuka kuwa posta. Mama anauliza kama hizi nyeusi za mpira zinafaa. Fundi anasema zinafaa, ni laini kwa boti. Mama anasema azitazame vizuri.

Aliyezitazama vizuri ni mama mwenyewe. Alizibonyeza moja moja kwa dole gumba, kama mtu anayechagua nyanya za kupeleka Dar, kisha akaigeuza moja na kuonyesha mdomo wa tundu lake. Palikuwa na nyufa nyembamba kama unywele. Rola zilizeekea kwenye kasha kabla hazijaona maji. Wilfred alitahayari, kwa sababu ufa ni kazi yake na aliyeuona ni mkulima wa mboga. Wakachagua za njano, za plastiki ngumu, zenye kiuno katikati ili mkuku ukae bila kuyumba.

Kwenye vipimo Wilfred alijikomboa. Mama alitaka rola ijae kabisa kati ya masikio mawili ya breketi, isicheze. Wilfred akatuma jibu kwa Afroz: ikijaa haitazunguka, na isipozunguka boti itakuwa inaburuzwa. Iache nafasi ya washa moja, kile kipete bapa cha chuma, kila upande. Pini nazo ziwe zimechovywa zinki, zipite kwenye tundu kwa raha, na mwisho wake zifungwe kwa splitipini, vile vijiti vya waya vinavyopanuliwa ncha visichomoke. Mama alisikiliza, akatikisa kichwa kukubali, na Wilfred akahisi urefu wake umeongezeka.

Urefu huo ndio uliomponza. Afroz alileta breketi za kufungwa kwa yubolti, zile nondo zilizopindwa zinazokumbatia bomba la trela na kukazwa kwa nati mbili, akaeleza kwamba unaweza kuipandisha breketi au kuishusha utakavyo. Wilfred alicheka kwa pua. Nati hulegea barabarani, alisema, na yeye si fundi wa kukaza, ni fundi wa kuchomelea. Akachukua breketi za kawaida.

"Boti si mlango, fundi," Afroz alisema.

Mama Scholastika alisema mwacheni afanye anavyojua. Maneno hayo Wilfred alirudi nayo Bigwa kama mtu aliyebeba mayai.

Alhamisi alichomelea, uani kwa mama mkwe trela lilipokuwa. Alivuta kamba kutoka mwanzo wa trela hadi mwisho, akapiga pima maji, akaziweka breketi tano katika mstari mmoja ulionyooka kabisa, kisha akashusha weldi zilizolala kama magamba ya samaki. Tangu ajifunze kazi hakuwahi kufanya nzuri kuliko zile. Jioni mama mkwe alitoka kutazama, Wilfred akasogea hadi kwenye banda la kuku kama adabu inavyotaka. Alimwona akipitisha kidole juu ya weldi ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Kisha, kwa kuwa Upendo hakuwepo wa kupokea ujumbe, akaliambia trela.

"Trela, umepata fundi."

Wilfred alifurahi mpaka akashindwa kula. Usiku alimsimulia mkewe habari ile mara tatu, na mara ya tatu Upendo alikuwa amelala.

Ijumaa asubuhi wanaume sita waliinyanyua boti na kuilaza juu ya trela. Ikakaa, ikapendeza, wakapiga makofi wakaenda zao. Wilfred akabaki, akalala chali chini yake akague. Akaiona rola ya kwanza imeshika. Ya tano imeshika. Akapitisha mkono juu ya ya pili, mkono ukapita. Ya tatu ukapita, ya nne ukapita. Mkuku wa boti hauko kama fremu ya mlango. Umepinda, na wa boti ile kuukuu ulikuwa umeinuka katikati na kushuka miisho, na mstari wake alioupiga kwa pima maji ulikuwa sahihi kwa kila kitu isipokuwa boti. Uzito wote ulikuwa umeelemea rola mbili. Matuta mawili matatu ya barabara ya Dodoma, faiba ingepasuka tumboni.

Alilala pale muda mrefu. Karakanani alikuwa na tairi kuukuu. Angeweza kukata vipande, akavifunga juu ya rola za katikati, vikajaza ule uwazi, na nani angechungulia? Boti ingefika Dakawa pengine salama. Sifa aliyoisubiri miaka tisa ingebaki mahali pake. Alitamani afanye hivyo, na alijua kwamba anatamani.

Mama Scholastika alikuwa barazani akichambua mchicha. Upendo alikuwa sokoni. Hakukuwa na mtoto wa kutuma wala jirani wa kupitishia neno. Wilfred alitoka chini ya boti, akajipangusa mgongo, akasimama mbele ya trela na kuweka kiganja kifuani kwa heshima.

"Trela," alisema, "nimekukosea. Weldi zile zinapendeza lakini hazifai. Nimenyoosha mahali pasiponyooka. Niliambiwa dukani, nikajifanya najua."

Mikono ya mama mkwe ilisimama juu ya mchicha.

"Trela," mama akasema, "haiwezekani kuweka kitu hapo katikati, ili isafiri kesho?"

"Inawezekana. Mwambie mama vipande vya tairi vitashika kwenda. Kurudi siwezi kumwahidi. Na boti ikipasuka, itapasuka ikiwa na watu."

Mama aliendelea kuchambua. Majani mazuri huku, mabaya kule.

"Basi mwambie akate."

Wilfred alileta grenda. Wale wanaume sita waliitwa tena, wakaiteremsha boti juu ya matairi, wakiuliza maswali ambayo hakuna aliyewajibu. Kisha akazikata weldi zake moja baada ya nyingine, cheche zikiruka hadi kwenye migomba, na mama mkwe akaziangalia zote tano zikianguka bila kuondoka barazani. Kila moja ilimkata na yeye. Akapanda bodaboda mpaka kwa Afroz. Afroz alimtazama nguo zilivyojaa vumbi la chuma, akamwekea mezani breketi tano, yubolti, nati za kujifunga zenyewe na mkebe wa rangi ya zinki ya kupaka palipokatwa. Wilfred alimshukuru kwa kutomcheka.

Safari hii alizifunga nusu, boti ikapandishwa, kisha akalala chini yake na kuipandisha kila rola mpaka ikaugusa mkuku, akiizungusha kwa kiganja kabla ya kukaza. Ya tatu ilimsumbua mpaka mchana ukaisha. Alipomaliza, zote tano zilikuwa zimebeba.

Jumamosi trela lilifika Dakawa bila hata nati moja kulegea. Dereva alirudisha gari nyuma hadi maji yakameza magurudumu ya trela, Wilfred akafungua kamba, akaisukuma boti kwa mkono mmoja. Ikateleza kimya kimya juu ya rola, ikaelea. Wanawake waliokuwa wakisubiri na miche yao wakapiga vigelegele, na mmoja akataka kujua fundi gani wa mjini amefanya kazi ile, maana na yeye ana toroli lake.

Mama Scholastika alikuwa ameinua gauni lake akaingia majini hadi magotini.

"Si wa mjini," alisema. "Ni mwanangu. Alikata kazi yake mwenyewe mbele yangu, na alikuwa na njia ya kunificha."

Wilfred alijifanya anaangalia kamba. Macho yake yalikuwa yamejaa, na maji ya Dakawa hayakuwa na lawama katika hilo. Alipoinua uso alimkuta mama mkwe amesimama karibu naye, hatua moja tu, akimtazama yeye, si boti wala trela.

"Mwanangu," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na mmoja. "Msalaba wa chuma kwenye kaburi la baba yenu umeoza chini. Ni mwaka wa nne sasa. Nimeshindwa kumpa mtu."

"Nitakuja Jumatatu, mama," Wilfred alimjibu. "Tutaupima pamoja."