Sekunde Kumi na Moja za Gavana Amsbury

Mgeni aligonga mlango wa jikoni, si ule wa mbele, ndiyo maana Lorna Hruska akadhani ni jirani. Alipofungua alimkuta mwanamume mrefu, theluji imemlowesha suruali mpaka magotini, akiomba radhi kwa usumbufu. Gari lake lilikuwa limetumbukia mtaroni nyuma ya mabanda ya nguruwe. Lorna alimkodolea macho kidogo ndipo akaitambua sura ile. Alikuwa Gavana Royce Amsbury, mmoja wa watu tisa waliokuwa wakiwania tiketi ya chama ya kugombea urais. Kwenye kura za maoni alikuwa wa saba.

Lorna alilivuta gari kwa trekta, kisha akawaandalia gavana na dereva wake kahawa na kolache, maandazi ya Kicheki yenye plamu. Msimu ule wagombea walijaa Iowa, jimbo la kwanza kufanya mchujo wa chama, na Lorna alikuwa ameshikana mikono na watano bila kumwahidi hata mmoja. Katika mji wao wa Vesna hakuna aliyefanya hivyo. Mgombea unamwona mara tatu, ndipo unaanza kumfikiria.

Lakini huyu hakuomba kura. Aliuliza ile hospitali aliyoipita njiani, yenye mbao madirishani, ilifungwa lini. Lorna mwenyewe hakuelewa kilichomfungua kinywa. Alimweleza habari ya binti yake, Kirsten, aliyekuwa akikimbizwa hospitali ya mbali kujifungua. Mtoto alizaliwa ndani ya gari, kando ya kituo cha mafuta, akaishi dakika ishirini. Watu waliambiwa tu kwamba mimba iliharibika. Kirsten hakutaka mtu mwingine ajue.

"Tafadhali usiisimulie popote," Lorna alimwambia. "Hata bila jina. Akisikia tu, atajijua."

"Sitaisimulia," Amsbury akasema.

Alipokuwa akivaa koti alitania kwamba mara ya mwisho alipogombea, kuna mji mmoja alipata sifuri kamili, na mpaka leo anaukumbuka kwa jina. Lorna akacheka, ulimi ukamteleza. "Hapa hutapata sifuri. Nitasimama upande wako mpaka watu waende nyumbani."

Wiki mbili baadaye ulikuwa mdahalo wa mwisho kabla ya mchujo. Nusu ya mji ilijazana kwenye ukumbi wa maveterani kuutazama, na Lorna alikaa karibu na wifi yake Bernadine, dada wa marehemu mumewe. Mwongozaji aliuliza kuhusu wodi za uzazi zilizofungwa vijijini. Seneta Odessa Pruett, aliyewahi kuwa mkunga, hakutoa takwimu. Alieleza jinsi mkono wa mkunga unavyojua, kabla ya mashine yoyote, kwamba muda umekwisha, na akasema sheria atakayoipeleka bungeni siku ya kwanza. Dakika moja na nusu. Machozi yalimtiririka Lorna, wala hakuyafuta.

Kisha ikaja zamu ya Amsbury.

"Nilikaa jikoni kwa mama mmoja," akaanza, halafu akanyamaza.

Kinywa kilibaki wazi. Kamera ilimsogelea. Mtu mmoja ukumbini akaanza kuhesabu kwa sauti, wengine wakadakia, mpaka kumi na moja. Hatimaye gavana akabwabwaja kitu kuhusu bajeti, na kengele ikamkata. Watu waliangua kicheko. Lorna peke yake alikaa ameganda. Alikuwa amemwona mtu akiifikia hadithi ambayo huenda ingempa nchi nzima, akaitazama, akairudisha mahali pake mbele ya macho ya mamilioni.

Kilichofuata kilimtisha na kumstaajabisha. Kulipokucha, mabango ya Pruett yalikuwa yamechomoza kwenye theluji ya nyua ambazo hazijawahi kuwekwa bango. Kufikia wikiendi Pruett, aliyekuwa wa tano, aliongoza, na Amsbury alikuwa amepewa jina la Bubu. Maneno ya mmoja na kimya cha mwingine vilikuwa vimeusogeza mji mzima, kama upepo unavyolaza shamba la shayiri.

Siku ya mchujo walikusanyika kwenye ukumbi wa michezo wa shule, kila mtu akasimama upande wa mgombea wake mbele ya macho ya wenzake. Upande wa Amsbury alisimama Lorna peke yake. Bwana Teig, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyeongoza mkutano, alitangaza kwamba makundi yasiyofika asilimia kumi na tano yana dakika kumi na tano kuhamia kwingine. Anayebaki hahesabiwi. Kundi la Pruett lilipungukiwa mtu mmoja tu kupata mjumbe wa tatu wa mkutano wa chama.

Bernadine, kiongozi wa kundi hilo, alivuka sakafu. "Wifi, unaushikilia huo ukuta usianguke?"

"Nilimwahidi."

"Bubu? Umemwona mara ngapi?"

"Moja."

Bernadine alimtazama kama mtu aliyekiri wizi. "Lakini Odessa unampenda. Nilikuona ukilia."

"Nampenda."

"Na hiyo wodi tunaitaka sote, wewe kuliko wote. Sasa kinakuzuia nini?"

Lorna alikuwa na jibu. Sentensi moja ingetosha kumsafisha yule mtu mbele ya ukumbi mzima. Lakini sentensi hiyo ilikuwa ya Kirsten.

"Siwezi kukuambia, wifi."

Bernadine akarudi kwa watu wake. Macho ya Vesna yote yalimwelekea Lorna, macho aliyoyajua tangu utotoni, na hayakuwa na upole. Dakika zikaisha. Pruett alipata wajumbe wawili. Mtu fulani akaguna kwa nguvu.

Bwana Teig alimaliza kuandika, akamwendea Lorna na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba kwa kanuni hana haja ya kuendelea kusimama, anaweza kukaa au kwenda zake.

"Watu hawajaenda nyumbani," Lorna akasema, na akabaki amesimama.