Mteja Anasema

Gari lilipozimika mara ya tatu, Ardis Haugen alioka keki. Ilikuwa keki ya sinia, ya karanga na chokoleti. Aliikata vipande vya mraba, akaifunika kwa karatasi ya alumini, na Alhamisi asubuhi akaiweka juu ya kaunta ya gereji ya watu wale wale waliomuuzia gari, utadhani yeye ndiye aliyewakosea.

"Keki tena, mama Haugen?" alisema Duane Kopischke, karani wa kaunta, mwanamume wa miaka hamsini na kitu aliyevaa miwani kwenye ncha ya pua. "Utatunenepesha hadi tushindwe kuingia chini ya magari."

"Wewe hujawahi kuingia chini ya gari lolote, Duane. Kula."

Duane alichukua kipande kimoja, akajifuta vidole, akaivuta kibodi ya kompyuta karibu. "Haya. Lina nini leo?"

"Ah, si kitu kikubwa. Linasitasita kidogo. Pengine ni mimi, labda nakanyaga vibaya."

Ukweli ni kwamba lilikuwa limezima ghafla katikati ya barabara kuu, nyuma yake likija lori lililojaa viazisukari, na dereva wa lori alikwepa kwa upana wa kiganja huku honi ikilia hadi akapotelea mbali. Lakini hilo halikumtoka mdomoni.

Duane aliacha kuandika, akamtazama juu ya miwani. "Nakanyaga vibaya. Niandike hivyo?"

"Andika tu."

"Kazi yangu ni kuandika anachosema mteja, mama. Neno kwa neno. Siongezi, sipunguzi. Kwa hiyo nakuuliza tena, niandike hivyo?"

"Kwani unataka nipige yowe hapa mbele za watu? Andika, mume wangu ananingoja nyumbani."

Akaandika. Ardis akatia sahihi bila kusoma, akamsukumia sinia.

Upande ule wa Minnesota, kulalamika ni aibu karibu sawa na kutoka nje na nguo za kulalia. Aliyevunjika mguu husema unamkera kidogo. Mama yake Ardis, siku kimbunga kilipong'oa paa la nyumba yao, alisimama sebuleni akatazama mawingu na kusema kwamba angalau sasa hewa itapita. Ardis alilelewa katika adabu hiyo, na akaolewa na mtu aliyelelewa katika adabu hiyo hiyo, na kwa miaka arobaini na sita hakuna aliyempandishia mwenzake sauti. Walipendana sana, hilo hata majirani walilijua. Ila ni jambo ambalo hawakuwahi kulitamka.

Mumewe, Orlan, alifuga ng'ombe wa maziwa maisha yake yote, mpaka figo zake zilipokataa kufanya kazi. Tangu hapo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alipaswa kulala kwenye mashine ya kusafisha damu huko mjini, mwendo wa karibu saa nzima. Macho nayo yalikuwa yamefifia, kwa hiyo dereva akawa Ardis. Gari lao la zamani lilikwisha kuliwa na kutu. Ndipo wakauza ng'ombe wa mwisho na kununua gari jipya, la kwanza jipya maishani mwao, la buluu, kwa sababu buluu ndiyo rangi ambayo Orlan alikuwa bado anaiona vizuri. Akaliita Mtamba, kama aitwavyo ng'ombe jike mchanga. Kila alipoingia alilipigapiga dashibodi kwa kiganja, taratibu, kama alivyozoea kuwapapasa ng'ombe wake kabla ya kuwakamua.

"Ana maringo ya aliyezaa mara ya kwanza," alisema siku lilipozima mara ya kwanza. "Mpe muda, atatulia."

"Nimempa miezi sita. Ng'ombe wako ulikuwa unampa wiki moja tu."

"Ng'ombe wangu hawakuwa na redio."

Kila mara gereji walilikagua kwa siku kadhaa, na kila mara wakalirudisha limeoshwa na kung'arishwa, na karatasi yenye maneno yale yale: limejaribiwa, kosa halikuonekana. Lilikuwa na tabia hiyo. Mbele ya mafundi lilitulia kama mtoto mbele ya mwalimu mkuu.

Mwezi wa Novemba jirani mmoja, karani mstaafu wa wilaya, alimwambia Ardis kwamba iko sheria ya jimbo: gari jipya likiwashinda mafundi kwa kosa lile lile mara nne, kampuni iliyoliunda lazima ilichukue na kumrudishia mtu haki yake. Ardis hakungoja ya nne. Aliandika barua kwa kampuni, na barua yenyewe ilianza kwa kuwashukuru kwa rangi ya gari.

Jibu lilikuja kabla ya Krismasi. Kampuni ilisikitika kwamba haioni kosa lililojirudia, ikaambatanisha nakala za karatasi za gereji. Ardis alizisoma mezani jikoni, kahawa ikipoa. Mteja anasema gari ni zuri, ila limesita kidogo, huenda ni petroli. Mteja anasema si tatizo kubwa, na pole kwa usumbufu. Mteja anasema anakanyaga vibaya. Alihisi masikio yanamwaka moto. Yalikuwa maneno yake kabisa, neno kwa neno, na hakuna hata moja lililokuwa kweli.

"Wanasemaje?" aliuliza Orlan kutoka sebuleni.

"Wanasema asante kwa barua," alijibu Ardis, akazitia karatasi zile kwenye droo ya vijiko.

Ijumaa moja ya Januari walikuwa wanarudi kutoka kliniki. Nyuzi zilikuwa ishirini na mbili chini ya sifuri, na upepo juu yake. Katikati ya mashamba mawili meupe, pasipo na nyumba wala mti, Mtamba alikohoa mara moja akazima, na kila kitu kikazima naye, taa, redio na joto. Ardis alijaribu kuwasha hadi kidole kikauma. Akapiga simu ya gari la kuvuta, wakamwambia asubiri kama saa moja, magari yao yote yamekwenda kuvuta yaliyopata ajali.

Orlan alikuwa ametoka kwenye mashine, na siku za mashine alikuwa hana nguvu hata ya kufunga zipu. Ardis alivua koti lake, akamfunika nalo.

"Una baridi?"

"Si sana. Vaa koti lako, mama."

Baada ya dakika kumi akauliza tena. Si sana. Baada ya dakika ishirini alijaribu kumtania, akamwambia huyu Mtamba, kama angekuwa ng'ombe wa kweli, angekwisha kuwa soseji. Orlan alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Kioo kiliganda kwa ndani kutokana na pumzi zao. Alipomuuliza mara ya nne, ulimi wa mumewe ulikuwa mzito kama wa mlevi, na midomo imegeuka rangi, na bado alisema, "Si sana, Ardis. Niko sawa tu."

Hapo moyo ukampasuka. Aliona waziwazi kwamba mtu huyu atakufa hapa kwenye kiti, kwa adabu, akimhakikishia kwamba hajambo. Na kwamba ni yeye Ardis aliyewaambia watu wa gereji, mara tatu, kwamba si kitu.

Dereva wa gari la kusukuma theluji ndiye aliyewakuta. Alimbeba Orlan mabegani kama gunia la nafaka mpaka kwenye chumba chake cha udereva chenye joto, akawarudisha mjini kwa kasi. Walimlaza hospitalini siku tatu.

Jumatatu Ardis alikwenda gereji kwa gari la jirani. Mtamba alikuwa amevutwa mpaka pale, amesimama nje na theluji kwenye boneti. Safari hii mikono ya Ardis ilikuwa mitupu, na Duane aliitazama kwanza mikono, halafu uso.

"Mama Haugen. Nimesikia habari za mzee. Anaendeleaje?"

"Yu hai."

"Lina nini leo?"

Mdomo wake ulianza wenyewe. "Si..." alisema, akanyamaza. Nyuma yake watu wanne walikuwa wamekaa wakisubiri magari yao, na mmoja alikuwa mke wa mchungaji. Ardis alipiga moyo konde, akaweka viganja vyote viwili juu ya kaunta.

"Andika, Duane. Gari hili huzima likiwa kwenye mwendo. Limezima mara nne, na mara zote nne ni kosa lile lile. Nitakutajia tarehe. Yale niliyosema zamani yote yalikuwa uongo wa heshima, na hayo pia yaandike."

Duane alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Polepole," alisema. "Natumia vidole viwili."

Aliongea karibu robo saa. Alieleza lori la viazisukari, na mara ile nyingine kwenye reli, ambayo hata Orlan hakuwa ameambiwa. Alieleza ya Ijumaa. Mashine ya kahawa ilikuwa imekwisha kunguruma, na hakuna mteja aliyeinuka kujimiminia. Alipomaliza alisema mambo mengine mawili matatu ambayo hayakuhusu injini, na Duane, ambaye vidole vyake vilikuwa vimesita, aliuliza kwa upole, "Na hilo pia?"

"Neno kwa neno. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema."

Kampuni ilimtuma mhandisi wake ajaribu kwa mara ya mwisho. Mtamba, ambaye hakuwahi kuona haya mbele ya Ardis, safari hii hakumwonea haya mhandisi pia. Alimzimikia kwenye makutano ya benki na posta, kukawa na msururu wa magari hadi kanisani. Wiki mbili baadaye barua ikaja. Kampuni ingelichukua gari na kuwarudishia fedha zao.

Siku ya kukabidhi, theluji ya Machi ilikuwa imegeuka tope. Orlan alisisitiza kuja, kwa sababu katika maisha yake hakuwahi kumwachia ng'ombe mnunuzi bila kumuaga. Alisimama uani mwa gereji akiegemea fimbo, mkono mmoja juu ya boneti ya buluu. Mwakilishi wa kampuni, Bi. Okerlund, mwanamke mkavu aliyetoka mbali na kutaka kurudi mapema, alipokea funguo mbili na kitabu cha gari, akafungua jalada.

"Utaratibu ni nisome maelezo, mteja athibitishe kuwa ni yake, ndipo atie sahihi," alisema.

"Si lazima usome yote," alisema Ardis.

"Ni lazima."

Zile karatasi tatu za kwanza zilikwisha haraka. Ya nne ilikuwa na kurasa tatu, naye alizisoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama mtu anayesoma orodha ya vipuri. Lori. Reli. Nyuzi za baridi. Akageuza ukurasa wa mwisho.

"Mteja anasema, nilimuuliza mume wangu mara nne kama ana baridi, akasema si sana, na midomo ilikuwa imeshageuka buluu. Mteja anasema, nimekaa na mtu huyu miaka arobaini na sita na sijamwambia hata siku moja kwamba nampenda, kwa kuwa nilidhani anajua. Mteja anasema, siwezi kuishi bila yeye, na sitaki gari lenu lije liniulie mtu wangu. Mwisho wa maelezo." Bi. Okerlund aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza alionekana hajui aweke wapi macho. "Haya ni maneno yako, mama?"

Duane, mlangoni, alikuwa akichunguza mawingu. Orlan hakuwa amesogea, ila mkono wake haukuwa tena juu ya boneti. Ardis alijua njia ya kutokea ilipo. Angeweza kucheka na kusema siku ile alikuwa amechoka, pengine alitia chumvi kidogo, na wote wangeshukuru na kwenda kunywa kahawa.

"Ni yangu," alisema. "Yote."

Akatia sahihi. Maji ya theluji yalikuwa yakidondoka kutoka paani.

"Duane," alisema Orlan, "mashine yako bado inatoa nakala?"

"Inatoa, mzee."

"Nipe moja. Ya hiyo ya nne."

"Na hayo macho yako utaisoma vipi?" alisema Ardis, akijitafutia kitu cha kushika kwenye mkoba.

"Nimeshaisikia. Nataka tu niwe nayo."

Duane aliileta ingali na joto la mashine. Orlan aliikunja mara nne, kwa uangalifu, akaiweka kwenye mfuko wa shati, ndani ya koti, akafunga kifungo. Kisha akalipigapiga paa la Mtamba mara mbili, akamwambia awe na adabu huko aendako.

Gari walilorudi nalo halikuwa jipya. Lilikuwa jekundu, la mkono wa pili, lenye mkwaruzo mlangoni, na Orlan alilisifu kwamba limekwisha kuzaa mara tatu na linajua kazi. Mashamba yalikuwa yameanza kuonyesha udongo. Ardis alitazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, akahisi mumewe anamwangalia kwa macho yale yasiyoona vizuri.

"Una baridi?" aliuliza, kwa mazoea tu.

"Si..." alianza Orlan.

Akanyamaza. Mkono wake ulipanda mpaka kwenye mfuko wa shati, ukakaa hapo.

"Ndiyo," alisema. "Nina baridi, Ardis. Tangu Januari."

Ardis alilisogeza gari kando ya barabara, akalisimamisha. Injini iliendelea kunguruma taratibu, haikuwa na kosa lolote. Aliongeza joto mpaka mwisho, akavua glavu zake, akaichukua mikono ya mumewe.